Mada Nyepesi, Walisema: Nilivyomaliza Tasnifu ya Akina Mama wa Dagaa Kigoma

Mtu akikwambia chukua mada ya wanawake umalize haraka, muulize kwanza yeye alimaliza lini. Mimi niliambiwa hivyo na watu wenye vyeo vyao. "Wewe ni mtoto wa Ujiji, umesoma uchumi, andika kuhusu akina mama wanaoanika dagaa. Gawa dodoso, ingiza takwimu kwenye kompyuta, umemaliza." Wengine walicheka tu kwamba mwanaume mzima anakwenda kusomea jinsia. Mjomba wangu mpaka leo anaamini nilifeli uchumi nikahamishwa.

Mambo ya kibali cha utafiti nayaruka, kila aliyepita chuo anayajua. Niende kwenye dodoso, maana ndilo lililonipandisha presha.

Dodoso lile nilipewa likiwa tayari, limeshatumika kwa wakulima wa mkoa mwingine, nikaambiwa nibadilishe neno "shamba" niweke "dagaa". Nikaambiwa pia niende msimu umepamba moto, ndipo nitakapowakuta akina mama wengi pamoja. Basi, nikaenda mwalo wa Katonga, mitumbwi ya Ziwa Tanganyika inaposhushia dagaa. Sasa, Katonga saa moja asubuhi si mahali pa kumuuliza mtu swali. Mitumbwi imetoka usiku kucha ziwani na taa zake, dagaa wanashushwa wabichi, bei inatajwa na kubadilika papo hapo, na mama akizubaa kidogo anaondoka na beseni tupu. Mimi nimesimama katikati, shati nimechomekea, nasoma kwa sauti: "Nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu matumizi ya fedha katika kaya? A, mume. B, mke. C, wote wawili."

Mama mmoja akanijibu "mume" bila kuniangalia. Wakati anajibu alikuwa amefungua fundo la khanga, anahesabu noti kwa dole gumba. Akamkabidhi kijana wa mtumbwi kiasi fulani, akamwita binti yake akampa ya mchango wa shule, akarudisha zilizobaki kwenye fundo. Mume mwenyewe sikumwona. Nikaandika A. Aliyefuata, A. Jioni nilikuwa na rundo la A, na dodoso lingine limelowa shombo kiasi kwamba lodji niliyofikia walinitaka niliache nje ya mlango.

Na saini! Chuo kinataka kila anayehojiwa asaini fomu ya kukubali. Nilipotoa fomu na kalamu, wakatawanyika. Wiki ile kulikuwa na watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, wanazunguka na fomu zao, na mwanamke wa mwaloni aliyeshawahi kusaini karatasi ya kijana aliyechomekea hahitaji kuelezwa mara ya pili. Niliandika barua chuoni, nikaruhusiwa kuchukua ridhaa kwa mdomo mbele ya shahidi. Ombeni hilo mapema, msisubiri mpaka mkimbiwe.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Ujiji, ambaye amechuuza dagaa toka sijazaliwa. Nilikwenda kumlalamikia, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe msomi gani hutazami mwezi?" Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi penye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hulala. Siku hizo akina mama wanashinda wanasukana, wanashona mikeka na kurekebisha vichanja, na mdomo uko huru. Yaani nilikuwa nimeelekezwa kwenda siku ambazo hakuna wa kuongea na mimi! Kuanzia hapo ratiba yangu ya utafiti ilifuata mwezi, na shangazi alikuwa anakuja kukaa nami, kwa sababu kijana wa kiume huwezi kukaa mchana kutwa na wake za watu ukawa salama. Posho yake ilikuwa sukari, sabuni na nauli ya bajaji. Jumla sikuandika popote, lakini ilikula sehemu nzuri ya hela ya utafiti.

Ujanja wa beseni ni wangu mwenyewe, na nitausema kwa kujidai. Niliacha kuuliza nani anaamua. Siku za giza zikirudi nilikuwa nachagua beseni moja la dagaa, naomba ruhusa, halafu nalifuata. Nilibeba, nikaanika, nikageuza, nikafukuza kuku na kunguru huku wanaume wa mwaloni wakiniita "mama mdogo". Likikauka, likapimwa kwa kopo la sado na kuuzwa, swali langu lilikuwa moja tu: hela hii inaanzia wapi?

Inaanzia kwa mwenye mtumbwi, maana wengi huchukua wabichi kwa mkopo. Kisha mchezo wa siku hiyo, ule wa kuchangiana na kupokezana hela, unatolewa palepale kwa mshika fedha kabla mtu hajaondoka ufukweni. Kisha kikoba. Kisha deni la chumvi, mafuta na daftari la dukani. Kinachobaki ndicho kinachokwenda nyumbani kikiwa na jina la "hela ya dagaa". Mama mmoja akanimalizia kazi: "Baba anaamua yote, kaka. Yote inayofika nyumbani."

Basi rundo langu la A halikuwa na uongo ndani yake. Lilikuwa linahesabu masalio. Mwaka 1970 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alionyesha kwamba mipango ya maendeleo ilikuwa inampita mwanamke mkulima kwa sababu waliopanga hawakuiona kazi yake, na mimi nilisoma hilo darasani nikajibu mtihani vizuri. Kulikuta liko kwenye beseni ni habari nyingine.

Hapo ndipo ugomvi na msimamizi ulipoanza. Yeye ni mchumi, alitaka jedwali. Mimi nikawa naleta historia, sheria, samaki. "Chagua fani moja," akasema. Nikamwambia beseni halina fani.

Mfano wa historia. Ujiji tuna makumbusho pale kwenye miembe, kila mgeni anapelekwa kuonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Utotoni nimelisikia simulizi hilo mpaka nikachoka. Kitu ambacho sikuambiwa ni kilichomrudisha Livingstone Ujiji. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo alikuwa Nyangwe, Kongo ya leo, kando ya mto Lualaba, kwenye soko kubwa la Wamanyema. Watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakafyatulia soko risasi, wakafa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Aliyaona kwa macho yake, safari yake ikavunjika, akarudi Ujiji. Nusu ya mtaa wetu ni Wamanyema, na bibi zao ni watu wa soko. Sasa niambie, nawezaje kuandika juu ya wanawake wachuuzi wa ziwa hili nikaanza na mwaka wa sensa iliyopita?

Sheria nayo iliingia yenyewe. Wanawake walipokuwa wananiuliza wakiachika wanapata nini, ilibidi nisome. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipowasomea hilo, yule mwenye fundo la khanga aliniomba nirudie taratibu. Shangazi akasema kwa hiyo kupika ni hela. Wakabishana mpaka dagaa wakataka kuungua na jua.

Jambo jingine nililipata kwa mwanasheria wa Marekani, Kimberlé Crenshaw. Mwaka 1989 alieleza kesi ya wanawake weusi waliofukuzwa kiwanda cha magari. Kiwanda kilijitetea kwamba kinaajiri wanawake na kinaajiri weusi. Kumbe wanawake wale walikuwa wazungu wa ofisini, na weusi wale walikuwa wanaume wa mashineni. Mwanamke mweusi akadondokea katikati. Kabla ya kusoma hilo nilikuwa naandika "wanawake wa Katonga" kwa mkupuo. Nikarudi kwenye daftari nikawatenganisha: mke wa mwenye mtumbwi anapata mkopo wa kwanza, mjane analipa taslimu, na aliyevuka ziwa kutoka Kongo anageuza dagaa wa wenzake kwa ujira wa kibakuli. Wote watatu dodoso liliwaita "mke".

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mazungumzo yote mjini yalikuwa mitumbwi na nyavu. Ujira wa kibakuli ulikatika siku ya kwanza. Sura ya kufungwa kwa ziwa niliiandika kwa hasira na ndiyo iliyosifiwa.

Kwa mnaoanza na mko Dar, kabla hamjaja huku pitieni Mabibo kwa TGNP, ule Mtandao wa Jinsia Tanzania, semina zao za Jumatano. Pale watu wa kila fani wanabishana bila kuombana vyeti. Na nunueni viatu vya mpira kabla ya kinasa sauti. Changamoto za utunzaji wa takwimu sizisemi, simu yangu ilizama mwalo wa Kibirizi, asante Mungu nilikuwa nanakili kila usiku.

Siku ya utetezi mtahini wa nje aliniuliza kazi yangu ni ya fani gani hasa. Nikamjibu ni ya dagaa, kama kuna idara inayowataka. Wakacheka, wakanipa marekebisho ya majedwali na nukta, nikapita. Msimamizi alinipa mkono akaniambia alijua toka mwanzo. Haya.

Nakala moja niliipeleka Katonga, mbalamwezi ikiwa kubwa, kama nilivyofundishwa. Sura ya nadharia waliipita kama ilivyostahili. Walichokitafuta ni jedwali la bei ya sado kwa kila msimu, kwa mnunuzi wa pale na kwa mnunuzi wa lori. Walipiga picha kwa simu ukurasa ule mmoja tu, wakaurushiana, na lori lililofuata lilipokuja, dereva alionyeshwa kioo cha simu kabla hajataja bei yake.