Siku moja ya kubadilisha transfoma

Mtu akipita akatukuta tumechuchumaa chini ya nguzo mbili, transfoma mpya imekaa juu ya mbao na sisi macho yote kwenye kisanduku chenye tarakimu, anaona mafundi wanaokula muda. Mji hauna umeme tangu jana usiku, kwa nini isipandishwe? Nitaeleza siku nzima ya kubadilisha mashine umba moja, yaani transfoma, ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wake), kilovoti 33 kwenda voti 400, katika mji mdogo wa bonde la Kilombero msimu wa mavuno ya mpunga. Kuipandisha penyewe ni dakika 40. Saa nyingine zote ni za kuhakikisha haifi kama iliyotangulia.

Saa 12:00 asubuhi, stoo

Kabla lori la kreni halijawashwa tunasoma bamba: kVA 100, 33,000/400, Dyn11, impidansi (ukinzani wake wa ndani) asilimia 4. Dyn11 inatuambia koili za kilovoti 33 zimefungwa delta na za voti 400 zimefungwa nyota, na katikati ya nyota ndipo inapotoka nyutro. Mzigo kamili ni ampea 1.75 upande wa juu na ampea 144 kila fezi upande wa chini. Namba hizo mbili tunakaa nazo kichwani siku nzima.

Halafu macho: silika, chembe za kunyonya unyevu kwenye kikombe cha kupumulia, iwe ya bluu, si ya pinki, mafuta yafike kwenye alama, bushingi (vihami ambamo nyaya huingilia tangi) zisiwe na ufa, gasketi zisivuje. Minyororo ya kreni inafungwa kwenye masikio ya tangi. Anayeshika bushingi kama mpini wakati wa kupakia anashushwa garini.

Saa 1:30 tuko barabarani, mwendo wa pole. Kwenye mashimo ya barabara ya vumbi, kiini cha chuma kinaweza kucheza ndani ya tangi na nje usione alama yoyote.

Saa 3:10, eneo la kazi

Kibali cha kazi kinasomwa kwa sauti. Fyuzi za kudondoka zinafunguliwa kwa fimbo ndefu, tunapima kuhakikisha laini imekufa, tunafunga waya za ardhi upande wa kilovoti 33. Kisha tunafunga na upande wa voti 400, na hapa ndipo watu hushangaa: umeme si umekatika, mnaogopa nini huko chini? Tunaogopa jenereta. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Mwenye duka akiwasha kijenereta chake cha voti 230 bila kutenga swichi kuu, umeme unarudi kwenye transfoma na kutoka juu ukiwa umezidishwa mara 143, karibu kilovoti 33 kamili. Fundi aliyeshika laini "iliyokufa" anauawa na kijenereta cha kuwashia friji la soda.

Saa 4:00, kuichunguza iliyokufa

Hii ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi, na kurukwa kwake ndiko kunakofanya transfoma tatu ziungue mahali pamoja ndani ya miaka miwili. Transfoma haina sehemu zinazosuguana, na ikitunzwa inadumu miaka mingi sana. Ikifa kuna kilichoiua, na kama hukukiondoa, unaleta nyingine imfuate mwenzake.

Mega, kifaa kinachopima kama kihami bado kinazuia umeme, inasema koili ya voti 400 kwa tangi, sifuri. Koili ya juu kwa ya chini, sifuri. Mafuta kutoka valvu ya chini ni meusi kama chai ya rangi iliyolala jikoni, na yananuka kuungua. Kwenye sanduku la voti 400, fyuzi ya fezi nyekundu haipo. Pamewekwa waya wa shaba wa nyuzi saba, umesokotwa. Na kwenye nguzo, waya wa ardhi wa aresta, kikinga radi, umekatwa na kubebwa. Basi tuna washukiwa wawili, joto na radi.

Joto kwanza. Ndani ya tangi, shaba imevikwa karatasi, na karatasi ndiyo yenye umri. Kwa hesabu ya kimataifa inayotumika kwa karatasi ya kawaida, sehemu yenye joto kali zaidi ikiwa nyuzi 98 karatasi inazeeka kwa mwendo wake. Kila nyuzi 6 zikiongezeka, mwendo huo unakuwa maradufu. Nyuzi 110 ni mara nne. Mafuta yanaweza kuchujwa au kubadilishwa, lakini karatasi ikishakuwa kama jani kavu hakuna wa kuirudisha.

Radi tunaitibu papo hapo. Fimbo moja tu ya ardhi imesalia na kipimo ni ohmu 27. Tunachimbia tatu zaidi za mita 1.5, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kuliko urefu wake, kwa sababu zikisongamana zinagombania udongo uleule. Inashuka hadi ohmu 9. Waya tunarudishia wa chuma uliovikwa shaba, ambao wezi wa shaba hawaupatii bei nzuri, na tunaunyoosha bila mizunguko. Waya wa aresta uliokunjwa kunjwa unaichelewesha radi, nayo inatafuta njia nyingine, yaani bushingi.

Saa 5:30, vipimo, na mwenye mashine

Mwenye mashine mbili za kukoboa mpunga amefika. Ana magunia ya watu yamejaa hadi barazani, na ninamwelewa kabisa. Ila anasimama juu ya vichwa vyetu.

"Fundi, mnapima nini tena? Si imetoka kiwandani hii?"

"Shikamoo mzee. Imetoka kiwandani, ikapita bandarini, ikakaa stoo, ikapita barabara yenu. Tunaipima ilipofika."

Mega inaanza. Bushingi zinafutwa kwa kitambaa kikavu, maana jasho na vumbi vinapitisha umeme na kukupa jibu la uongo. Kilovoti 5 kwa dakika nzima, koili ya juu dhidi ya koili ya chini na tangi vilivyounganishwa pamoja. Kisha kilovoti 1 kwa koili ya chini. Tunapata megaohmu elfu nne na ushee, na elfu mbili. Mzee ananyoosha mkono kugusa bushingi aone kama ni ya udongo. Mkono wake unadakwa ukiwa sentimita chache tu kutoka pale. Baada ya mega koili inabaki na chaji, kama kopo lililojaa, na ni lazima ifungwe ardhini dakika kadhaa ndipo iguswe.

Uwiano wa mizunguko tunaupima kwa jenereta yetu: voti 400 za fezi tatu zinaingizwa upande wa kilovoti 33, na upande wa chini tunasoma kati ya kila fezi na nyutro. Tapu ni swichi ya hatua tano inayobadilisha kidogo uwiano huo. Tapu ya 1 lazima itoe voti 2.67, ya pili 2.73, ya 3 itoe 2.80, ya nne 2.87, ya tano 2.95. Fezi zote tatu zilingane. Kuzungusha tapu zote tano si kupoteza muda; kunasugua midomo ya shaba iliyokaa miezi bila kusogea. Mzee anauliza inakuwaje transfoma ya voti 400 itoe voti mbili, na kwamba tumeletewa mbovu. Anaelezwa, anapiga simu, anarudi, anauliza tena.

Mafuta ndiyo yaliyommaliza subira. Sampuli hutoka valvu ya chini, kwa kuwa maji hukaa chini ya mafuta. Nusu lita ya kwanza inatupwa kwenye ndoo ya uchafu, kikombe kinasuuzwa kwa mafuta hayohayo, hakuna kidole kinachogusa ndani. Pengo kati ya vichwa viwili vya shaba ni milimita 2.5. Unasubiri dakika tano ili viputo vipande juu, kisha umeme unapanda kilovoti 2 kila sekunde hadi unasikia "tak!" na cheche ya bluu inapita. Dakika mbili za kupumzika, mara ya pili. Mara sita. Tulipata kilovoti 52, 58, 61, 55, 60 na 57, wastani 57. Kwa transfoma mpya ya kundi hili tunataka zaidi ya 55 kabla ya kuwasha, kwa hiyo imepita, lakini kwa pembamba. Tone la maji usiloliona kwa macho lingetosha kuishusha. Kwenye "tak" ya tatu mzee alirudi nyuma na kusema tumeshaiunguza.

Saa 8:00 mchana inapanda. Dakika 40, kama nilivyosema, na mji mzima unashangilia kana kwamba kazi ndiyo imeanza sasa.

Alasiri

Kebo za kwenda kwa wateja ni za alumini na bolti za transfoma ni za shaba. Hivyo viwili havipatani: vikigusana kwenye unyevu vinalana, kiungo kinapata ukinzani, kinapata joto, kinalegea. Dawa ni lagi (vichwa vya kufungia kebo) za metali mbili, uso unasuguliwa kwa brashi na kupakwa grisi yake, na bolti inakazwa kwa spana ya kupimia mkazo. Nyutro inakazwa ya kwanza na kukaguliwa ya mwisho. Fezi ikilegea, nyumba chache zinakosa umeme. Nyutro ikilegea, fezi yenye mzigo mdogo inapanda hata kupita voti 300, na televisheni za mtaa mzima zinaungua kwa dakika moja.

Tunaiwasha ikiwa tupu, bila mzigo, fyuzi za chini zikiwa nje. Wakati wa kuwasha inavuta pumzi kubwa, hata mara kumi ya ampea zake kwa muda mfupi sana, ndiyo maana fyuzi ya juu huchaguliwa mara mbili hadi tatu ya mzigo kamili. Baada ya hapo ni mvumo tu, wa sawasawa. Unasikilizwa dakika 15. Mvumo wenye mkwaruzo au mlio wa mahindi yanayokaangwa, unazima.

Mvumo ni mzuri, ila voti ni 222. Maana yake laini yenyewe inaleta kilovoti 31.7 wala si 33. Mzee anataka mwisho wa tapu, ya 5, apate 234. Tunaweka ya 4. Usiku wa manane mashine zote zikilala, laini inapanda, na aliyeweka tapu kwa kuangalia mchana tu anachoma balbu za watu usiku. Na tapu hii haigeuzwi ikiwa na umeme hata kwa nusu sekunde, kwani midomo yake haikuundwa kukata mkondo. Ingewaka ndani ya mafuta. Kwa hiyo fyuzi zinafunguliwa tena, kupima tena, waya za ardhi tena, kugeuza, kupima uwiano tena, kuondoa waya za ardhi. Karibu saa nzima. Mzee amekaa juu ya gunia hazungumzi na mtu. Mabega yanauma, na fimbo ya fiberglasi ya asubuhi si fimbo ya jioni; imeongezeka uzito.

Alama za rangi kwenye kebo za zamani ziliyeyuka, kwa hiyo mpangilio wa fezi haujulikani. Tunamwomba mzee avue mikanda ya mashine na kuwasha mota kwa sekunde moja. Anakataa. Mota ikizunguka kinyume ikiwa na mkanda inaweza kuvunja mashine, na lawama ni yetu, kwa hiyo fyuzi yake haiingii. Anavua. Mota inazunguka kinyume. Tunabadilishana kebo mbili, inazunguka sawa, na kuanzia hapo anaanza kutuletea maji ya kunywa.

Tunamwomba jambo moja: asiwashe mashine mbili kwa pamoja. Mota ya kilowati 22 inakula kama ampea 42 ikiwa mwendoni, lakini ikianza moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita. Mbili kwa pamoja zinapita ampea 500 kwenye transfoma ya 144. Akifunga kianzio cha sta-delta (nyota kisha delta), mvuto huo unashuka hadi theluthi.

Giza limeingia

Wengine wangeondoka hapa. Lakini joto, mshukiwa wa kwanza, bado liko mtaani. Saa 1 usiku, taa zimewaka, mashine moja inakoboa, klampu mita, inayopima ampea kwa kukumbatia waya, inasoma: nyekundu 171, njano 62, bluu 80. Jumla ni kama kVA 72, transfoma ya 100, mtu anaona nafasi ipo. Fezi nyekundu peke yake imezidiwa kwa karibu asilimia 20, na nyutro inabeba ampea 101. Sababu ni nyepesi: waya mwekundu ndio wa chini kwenye nguzo za mtaa ule, na kila aliyeunganisha nyumba mpya alishika ulio karibu na mkono. Fyuzi ya ampea 160 haikatiki kwa 171, inavumilia saa nyingi. Ikiwekwa waya wa shaba ndio kabisa, hakuna kitakachokatika isipokuwa karatasi ndani ya tangi.

Kwa taa za kichwani tunazima, tunapanda nguzo hadi nguzo na kuhamisha: karakana ya kuchomelea, saluni, bucha na nyumba kadhaa kwenda njano, wachache kwenda bluu. Saa 3:20 usiku tunasoma tena: 108, 103, 102. Nyutro, ampea 6.

Chini, kijana anaomba lita tano za mafuta ya transfoma ya zamani, anasema bibi yake anapaka miguu. Bamba la transfoma hiyo ni la mwaka 1979. Mafuta ya miaka ile yanaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, na hata yasiyo nayo si ya kupaka wala kukaangia chipsi. Valvu imefungwa kwa kizibo, lebo imebandikwa, tangi linakwenda kupimwa.

Kwenye daftari: tapu 4, voti 228 bila mzigo, ohmu 9, mafuta 57, fezi 108/103/102. Bolti za lagi zinakazwa tena baada ya siku saba, kwa kuwa alumini mpya hulegea kidogo ikishapata joto la kwanza.