UTI Sugu

Kwa miaka sita niliuza dawa katika duka la dawa muhimu nje kidogo ya jiji la Mwanza, na katika muda wote huo sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniambia kwa kinywa chake kwamba anaumwa kisonono. Wote walikuja na UTI. Kijana alikuwa akisubiri wateja wengine waondoke, kisha akasogea hadi usawa wa uso wangu na kusema kwa sauti ya chini, "Dada, nina UTI sugu, nipe zile za rangi mbili." Nikimuuliza anajisikiaje, alinieleza kwamba akikojoa anaungua na kwamba asubuhi nguo yake ya ndani hukutwa na usaha. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo kweli, huwasumbua zaidi wanawake, na mtu anaweza kuyapata bila kuambukizwa na mwenzake. Lakini usaha unaotoka kwenye uume wa kijana wa miaka ishirini na mitano una jina lingine, na mimi na yeye tulilijua.

Siwalaumu watu kwa kutafuta jina lisilo na aibu, kwa kuwa hata mimi nililitumia ili mazungumzo yaende. Ubaya wake ni kwamba UTI ni ugonjwa wa mtu mmoja. Mwenye UTI halazimiki kumwambia yeyote nyumbani, ilhali mwenye kisonono au klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, amebeba ugonjwa wa watu wasiopungua wawili, na akitibiwa peke yake ataupokea tena kutoka kwa yule aliyemwachia. Ule "usugu" unaolalamikiwa kila siku wakati mwingine ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, maana kisonono kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu zamani, lakini mara nyingi niliyoyaona mimi yalikuwa maambukizi mapya kutoka kitanda kilekile.

Mmoja wa wateja hao bado ananisumbua moyoni. Alikuwa na shilingi elfu moja tu, nami nikachukua mkasi nikamkatia vidonge vinne vya doksi, yaani doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Dozi ya klamidia ni miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba, yaani vidonge kumi na vinne, kwa hiyo nilimuuzia dawa ya siku mbili. Isitoshe, kama alichokuwa nacho kilikuwa kisonono, alihitaji sindano ya seftriaksoni, ambayo mimi sikuwa na ruhusa ya kuichoma. Baada ya wiki tatu hivi alikuja mke wake, mtoto mgongoni, akilalamika kwamba tumbo la chini linamkata na kwamba jirani amemwambia ni chango na kumuuzia mizizi ya kuchemsha. Nilimfahamu mumewe na nilifahamu nilichomuuzia, lakini siri ya mteja ni siri. Nikamshauri aende zahanati haraka, tena wakapime wote wawili. Akanitazama na kuniuliza, "Wote wawili kwa nini, tumbo si langu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwanamke anaweza kukaa na klamidia au kisonono kwa miezi bila dalili yoyote, huku vimelea vikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu. Miaka inapopita bila mimba, ukoo mzima humnyooshea yeye kidole. Kaswende nayo ina hila yake: kidonda chake cha kwanza hakiumi na hupona chenyewe baada ya wiki chache, ndiyo maana mganga aliyetoa unga wa kupaka husifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Vimelea hubaki mwilini, na mama akiwa mjamzito mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa, jambo linalouma zaidi ukikumbuka kwamba kipimo chake ni tone la damu ya kidole na kwamba katika hatua za mwanzo sindano ya penisilini ya benzathini hutosha.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, vijiji vya Mwanza vilifanyiwa utafiti ambao ulisomwa duniani kote. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja maabara, dawa zilihakikishwa hazikatiki, na wanavijiji wakahimizwa kuja mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na vijiji vingine, kwa sababu kidonda au uvimbe sehemu za siri huvifungulia virusi mlango. Katika utafiti mwingine, kule Rakai, Uganda, dawa zilipelekwa nyumba kwa nyumba kwa watu wazima, wagonjwa na wazima wa afya, kila baada ya miezi kumi, na virusi havikupungua. Wataalamu walieleza kwamba janga la Rakai lilikuwa limekomaa na kusambaa zaidi. Mimi, kwa jicho la muuza dawa, naona pia kwamba mwenye usaha leo anahitaji mlango ulio wazi leo.

Kutibu kwa dalili hata hivyo hakumfikii yule asiye na dalili, na huyo mara nyingi hufikiwa kupitia mwenzake. Ndiyo maana zahanati hutoa kadi ya kumwita mwenza, ambayo haina haja ya kutaja ugonjwa. Kondomu nilizifunga kwenye gazeti kama kawaida, lakini nilijifunza kumwambia mume kwamba zile siku saba za matibabu ndizo asizopaswa kumgusa mkewe kabisa, maana wengi huanza kuhesabu kupona kuanzia kidonge cha kwanza.

Mkasi niliuweka kabatini. Aliyekuja na UTI yenye usaha nilimwandikia karatasi ya kwenda nayo zahanati, na juu yake niliandika neno moja tu: wawili. Siku moja mwanamume wa makamo aliisoma, akaikunja, akafika mlangoni, kisha akarudi na kuiweka mezani. "Dada," alisema akitazama barabarani, "hapa umekosea hesabu." Nilichukua kalamu, nikakata neno lile, nikaandika: watatu.