Tafakari ya Jumatatu: maji ya mdomoni

Om Namah Shivaya ndugu zangu, na wazee wetu wote shikamooni. Wiki hii nimechelewa kuandika, sababu nitaisema huko chini, ila tangu Alhamisi kuna hekalu moja limenikaa kichwani haliondoki, ni Srikalahasti, kule Andhra Pradesh kusini mwa India, kama kilomita 36 toka Tirupati, pembeni ya mto Swarnamukhi. Wale mliowahi kwenda Tirupati mnajua, watu wengi wanaliacha hili liwe la mwisho, wakishatoka hapo wanarudi moja kwa moja nyumbani, hawapitii tena hekalu lingine njiani.

Ni hekalu la upepo. Kusini kuna zile linga 5 (alama za Mungu Shiva, kwa kawaida umbo la nguzo) za asili tano, ya udongo ipo Kanchipuram, ya maji Thiruvanaikaval, ya moto Tiruvannamalai, ya anga Chidambaram, na ya upepo ndo hii. Sasa upepo utauonaje? Mimi nilibahatika kufika mara moja tu, foleni ndefu, joto, miguu peku kwenye mawe, unasogea kidogo unasimama, unasogea kidogo unasimama, mpaka unafika mbele ya chumba cha ndani kabisa ambako hakuna hata dirisha, hewa imesimama unasikia jasho linashuka mgongoni, na mle ndani taa zinawaka zimetulia tuli, halafu unaonyeshwa moja, mwali wake unatikisika. Haizimiki, haitulii, inatikisika tu kama kuna mtu anapumua karibu yake. Nilipewa sekunde chache nikasukumwa mbele, na mpaka leo nikifumba macho kwenye puja, yaani ibada, naiona ile taa.

Jina lenyewe la hekalu ni majina ya viumbe watatu, Sri ni buibui, Kala ni nyoka, Hasti ni tembo. Tangu utoto tunasimuliwa kwamba hawa watatu walimwabudu Shiva pale kabla hakujawa na kuta wala pujari (kuhani), kila mmoja kwa kile alichonacho. Buibui anafuma utando juu ya linga kuikinga na majani yanayoanguka na jua. Siku moja mwali wa taa ukaunguza kazi yake yote, akaufuata ule mwali autafune, yaani buibui na moto, na Shiva akamchukua akampa moksha, ukombozi wa roho. Nyoka yeye alikuwa analeta vito vinavyong'aa anavipanga juu ya linga. Tembo anatoka mtoni na maji kwenye mkonga, anaosha, anaweka majani ya bilva, mti mtakatifu wa Shiva.

Hapa ndo pa kukaa kidogo ndugu zangu, maana hadithi hii huwa tunaipita haraka tunakimbilia kwenye moksha. Tembo akifika asubuhi anakuta mawe mawe juu ya linga, yeye hajui kama ni vito, kwake ni uchafu, anavisukuma pembeni anaosha. Nyoka akirudi anakuta vito vyake viko chini matopeni na juu yake kuna majani mabichi, kwake nayo ni takataka, anayatoa. Kesho tena hivo hivo. Wote wawili wanampenda Mungu mmoja, na kila mmoja anaamka asubuhi kufagia ibada ya mwenzake! Mpaka nyoka akajificha kwenye majani akamwingia tembo kwenye mkonga, tembo kwa maumivu akajigonga kichwa kwenye mwamba, wakafa wote wawili pale pale mbele ya Shiva. Shiva akawapokea wote. Hakuuliza nani alianza. Wanasema linga ya pale ina alama za wote watatu, na linga hiyo haiguswi kwa mkono wa mtu, hata pujari wenyewe hawaigusi.

Halafu kuna mlima mdogo pale juu ya hekalu, huo ni wa Kannappa. Wengi mnamjua, mmoja wa wale watakatifu 63 wa Shiva wa kusini, wanaitwa Nayanmar, lakini jina lake la kuzaliwa ni Thinnan na alikuwa mwindaji wa porini, hajui mantra (maneno ya sala) hata moja. Siku akiwa kwenye kuwinda akaikuta linga iko peke yake mlimani, na moyo ukamvunjika kwa huruma, akaona huyu yuko peke yake hapa, usiku nani anamlinda, amekula nini. Akashuka akachoma nyama, akawa anaonja kila kipande apate kilicho kitamu zaidi, kile kigumu anakitema, kile laini anamwekea Shiva. Mikono imejaa, mkono mmoja upinde, mwingine nyama, sasa maji atabebea wapi? Akajaza mdomoni. Maua akachomeka kwenye nywele zake.

Mfikirie anavyopanda ule mlima, mashavu yamevimba, hawezi kuongea na mtu, hawezi hata kuhema vizuri kwa mdomo, anapumua kwa pua huku anapanda mawe, akijisahau kidogo tu akameza basi imebidi arudi mtoni kuanza upya. Anafika, anaona maua ya zamani juu ya linga, mikono haina nafasi, anayaondoa kwa mguu, akiwa amevaa viatu vyake vya porini, halafu anamwaga yale maji kutoka mdomoni. Hiyo ndo abhisheka yake, kuosha linga kwa ibada.

Na kuna pujari aliyekuwa anakuja kila siku, Sivakochariyar, mtu msafi, mtu wa sheria. Anafika anakuta mifupa na nyama mbele ya Mungu wake, na mimi namwelewa kabisa, ningekuwa mimi ningelia. Analia kweli, anasafisha, anafanya puja yake upya. Kesho anakuta nyama tena. Usiku Shiva akamjia ndotoni akamwambia ajifiche nyuma ya mti aangalie, na kwamba yale maji ya mdomo wa yule mwindaji kwake ni masafi kuliko mto mtakatifu Ganga. Naomba muone kitu hapa, Shiva hakumwambia pujari aache puja yake, na wala hakumwambia kwamba amekosea kuosha. Alimwambia tu akaangalie.

Siku ya sita jicho la kulia la Shiva, pale kwenye linga, likaanza kutoka damu. Thinnan akachanganyikiwa, akakimbia huku na huku kutafuta mitishamba, haikusaidia, akakumbuka wazee wa kwao husema nyama hutibiwa kwa nyama, akachukua mshale akang'oa jicho lake mwenyewe akaliweka pale, damu ikakata. Akacheza kwa furaha! Mara jicho la kushoto nalo likaanza. Akajua dawa anayo, ila akiling'oa la pili hataona pa kuliweka, basi akanyanyua mguu akaweka kidole juu ya jicho la Shiva apate alama. Mkono wa Shiva ukatoka ukamshika, basi Kannappa, inatosha. Kan kwa Kitamil ni jicho, appan ni baba. Na yule pujari alikuwa nyuma ya mti muda wote huo, ameyaona yote.

Mpaka leo Mahashivaratri (usiku mkuu wa Shiva) ya pale ni sherehe ya siku nyingi na mnajua inaanzia wapi? Bendera ya kwanza inapandishwa kule mlimani kwa Kannappa, ndo baadae hekaluni. Bhakta, yule mcha Mungu, kwanza, Bwana baadae. Hekalu lenyewe wafalme wamelijenga, Wachola karne ya 11, halafu Krishnadevaraya wa Vijayanagara akajenga ule mnara mkubwa wa lango mwaka 1516, na tarehe 26 Mei 2010 ukaanguka wote chini, bahati nyufa zilionekana mapema watu wakaondolewa, mpya umezinduliwa 2017. Mnara wa mfalme ulianguka, bendera ya mwindaji ikaendelea kupandishwa kila mwaka.

Sasa kwanini nimechelewa. Mnakumbuka Julai ile baridi kali, tulikuwa na puja ya asubuhi, na mimi ndo nilikuwa zamu ya kupanga mbele ya linga, maua huku, bilva huku, maziwa, sahani za prasad (chakula kinachotolewa kwa Mungu). Kuna bibi mmoja sote tunamwita Ba, alikuja na kikombe cha chai ya maziwa ina moshi, tangawizi inanukia, akakiweka pale chini kabisa karibu na linga. Nikamwambia Ba, chai haiwekwi. Akasema, dikra (mwanangu), baridi hii na yeye anaisikia. Akaenda kukaa. Na mimi alivyogeuza kichwa nikakitoa kile kikombe nikamwaga kwenye sinki, nikakiosha nikakirudisha kwenye kabati. Alipokuja kukitafuta baada ya aarti, ibada ya taa, akakikuta kabatini, kikavu. Hakusema kitu. Alikishika hivi kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mfuko wake akaondoka, na Jumatatu zilizofuata sikumwona.

Miezi yote hii sikuifikiria hata kidogo. Alhamisi nilikuwa namsimulia mwanangu hadithi ya nyoka na tembo, nikafika pale tembo anasukuma vito chini, nikanyamaza. Mtoto ananiuliza, halafu? Halafu? Nikashindwa kuendelea.

Jana jioni nilienda kwa Ba, ndo maana sikuandika. Nilimwomba msamaha, tukakaa, akanipikia chai ile ile. Nimemwomba Jumatatu ijayo aje na kikombe chake. Hajasema ndio, amesema ataona, goti linamsumbua na ngazi za mandir, hekalu letu, ni nyingi. Nimemwambia nitakuja kumchukua saa kumi na moja na nusu.