Jinsi nilivyokata polistirini bila kumomonyoka

Lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya kwenye boksi, yaani polistirini, hatimaye nimelikata likanyooka. Kabla ya hapo kila nikikata, ukingo unamomonyoka na punje zinanata mikononi, kwenye nguo, kila mahali. Msumeno ulizidisha uchafu. Kisu cha jikoni kiling'oa punje badala ya kuzikata.

Kilichofaa ni kisu cha karatasi, kile cha wembe unaovunjwa ncha, tena wembe mpya. Kazi yote iko kwenye pembe: toa wembe mrefu, ulaze karibu uguse povu, kisha vuta taratibu bila kukandamiza. Mara ya kwanza pita juujuu ukifuata rula, halafu rudia mumo humo mpaka utokee upande wa pili. Wembe uliosimama husukuma punje. Uliolala huzipasua katikati. Ukisikia unakwaruza, vunja ncha.

Punje hizo ni hewa karibu asilimia 98, zimegandishwa pamoja kwa mvuke tu, ndiyo maana zinachomoka kirahisi. Waya wa moto nao huikata vizuri, ila fanyia penye hewa. Povu la poliyurethani, lile laini la magodoro, usilikate kwa moto kabisa. Moshi wake ni sumu.