Mbele ya nakala ya fuvu la Zinj

Nimeshinda leo nikiwafikiria watu wanaolipita fuvu la Zinjanthropus (kwa kifupi Zinj), zamadamu wa kale, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakishaambiwa tu kwamba lililo kabatini ni nakala. Wanakosa mengi. Fuvu halisi, aliloliona mwanaakiolojia Mary Leakey pale Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, liliunganishwa kutoka mamia ya vipande, na kila kiungo cha gundi ni mahali panapoweza kuachia. Ndiyo maana halisi hutunzwa ndani, na nakala ndiyo hutoka mbele ya wageni.

Lianze ubavuni, si usoni. Utaona ukingo wa mfupa umesimama katikati ya utosi: hapo ndipo iliposhika misuli ya kutafuna. Fuata mkondo wa misuli hiyo hadi chini, inapopita nyuma ya mfupa wa shavu, na utaelewa kwa nini shavu limetokeza mbele na kupanuka kiasi kile. Halafu magego. Ni makubwa mno kuliko yetu, na la mwisho ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Zamadamu huyu alikufa kijana. Ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 500 na kidogo, wetu ni kama 1,350.

Taya la chini huwapotosha wengi. Zinj hakupatikana na taya hilo. Nakala nyingi huwekewa lililoigizwa kutoka taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, lililogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1964. Kwa hiyo soma kibao kabla hujalihesabu kuwa lake.

Na umri wa Zinj unaotajwa, miaka milioni 1.75, haukupimwa kwenye mfupa. Ulipimwa kwenye majivu ya volkano ya tabaka la ardhi alimopatikana. Jiwe likiyeyuka, gesi ya agoni hutoka; likishapoa, potasiamu iliyomo huanza kuzalisha agoni mpya polepole, nayo ndiyo hupimwa. Punje za mwamba wa kale zikichanganyika na majivu, jibu huja kubwa kupita kiasi. Laiti vibao vingetaja hili!

Kwa nyayo za zamadamu za Laetoli, nazo za kaskazini mwa Tanzania, za miaka takriban milioni 3.66, nakala ndiyo karibu njia pekee ya kuziona. Zilifukiwa mwaka 1979 kwa udongo uliokuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kutishia tabaka la nyayo. Katika miaka ya 1990 sehemu hiyo ikafukuliwa, miti ikaondolewa, kisha ikafunikwa upya kwa mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu. Ukikuta nakala yake, inama utazame kidole gumba: kimelala sambamba na vingine, hakikutanuka pembeni kama cha sokwe, na kisigino kimezama sawasawa na cha mtu anayetembea wima.