Ndoo ya pamoja: kujipaka mafuta ughaibuni bila kufilisika

Kabla ya kusafiri watu huulizia kodi ya nyumba, nauli na bima. Ngozi hakuna anayeiulizia. Halafu baridi inaingia, hita zinawaka usiku kucha, hewa ya ndani inakauka, na baada ya muda mfupi miguu imepauka, vidole vimepasuka kwenye maungio, na ile losheni uliyozoea inaisha mwezi ukiwa bado mbichi. Nywele nazo zinadai haki yao. Fedha inavujia hapo, kwenye rafu ya vipodozi, kwa sababu ni matumizi ambayo karibu hakuna anayeyaandika kwenye bajeti.

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni "tengeneza mwenyewe". Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Ukinunua mafuta ya shea, siagi ya kakao na mafuta ya nazi kwa vikopo vidogo vidogo vya rejareja, piga hesabu vizuri: mara nyingi utakuwa umetumia zaidi ya bei ya losheni ya dukani, na bado una masufuria yenye grisi ya kuosha. Unafuu uko kwenye ndoo. Bei ya kilo hushuka ukichukua mzigo mkubwa, na kusafirisha kilo 10 hakugharimu mara kumi ya kusafirisha kilo 1. Ila ndoo nzima mtu mmoja ataimaliza lini? Shea iliyotunzwa vizuri hukaa mwaka mmoja hadi miwili hivi, kisha inachacha. Anayenunua kidogo anaumia kwa bei, anayenunua kingi anaumia kwa kumwaga. Ndiyo maana mimi sitenganishi mambo haya mawili: kama huna kikundi cha kununua ndoo pamoja na kugawana, kutengeneza vipodozi nyumbani ni burudani tu, si akiba.

Kikundi chenyewe hakihitaji katiba wala mwenyekiti. Kinahitaji pesa zitangulie na oda ifuate. Neno "nitakupa mwisho wa mwezi" ndilo linaloua vikundi vingi, maana aliyeagiza anageuka mkopeshaji bila kupenda, na kumdai rafiki ni kazi ngumu kuliko kumdai mtu baki. Mmoja anaagiza, anapiga picha risiti pamoja na gharama ya usafirishaji, anaituma kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Pointi za kadi ya duka zinabaki kwake. Wapo wanaonung'unikia hilo, lakini yeye ndiye aliyebeba ndoo ngazi hadi ngazi. Huo ndio ujira wake.

Siku ya kugawana, mizani ya jikoni inakaa mezani mbele ya wote. Kila mtu anakuja na chombo chake kikavu kabisa, kinapimwa kitupu, mizani inarudishwa sifuri, ndipo mafuta yanaingia. Shea iliyotoka kwenye baridi ni ngumu, na wasio na subira watasema tuyeyushe ndoo nzima tumalize. Kataeni. Kila mkiyapasha moto mnaharakisha kuchacha kwake. Chukueni kijiko kizito cha chuma, kichovyeni kwenye maji moto, kifuteni hadi kiwe kikavu, kisha chimbeni. Hapo kwenye kufuta ndipo penye kazi, kwa sababu tone la maji likibaki ndani ya ndoo, ukungu umeshapewa pa kuanzia. Mwisho andikeni kwenye kila chombo tarehe ya kufungua na ile ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye ndoo. Ndoo ikitupwa, hakuna atakayeikumbuka.

Sasa mafuta yenyewe. Kwa mtu mmoja naanza na gramu 150 za shea, gramu 30 za mafuta ya nazi na gramu 40 za mafuta mepesi kama ya alizeti au ya lozi. Bakuli linakaa juu ya sufuria ya maji moto, moto mdogo, na unatoa mara tu yanapoyeyuka. Watu wengi hukatia tamaa hatua inayofuata: wanaacha mafuta yapoe yenyewe mezani, asubuhi wanakuta yana chenga kama mchanga. Hayajaharibika. Ndani ya shea kuna mafuta ya aina kadhaa, na kila aina huganda kwenye joto lake. Yakipoa polepole, yaliyo magumu hutangulia na kujikusanya kuwa punje. Yayeyushe tena, kisha yapoze haraka. Weka bakuli kwenye friji mpaka kingo zianze kuganda na katikati pawe bado laini, halafu pitisha mashine ya kukorogea keki. Yatapanda, yatakuwa meupe na mepesi. Kopo litaonekana limejaa, lakini sehemu kubwa ya huo ujazo ni hewa, kwa hiyo anayegawia wenzake apime kwa gramu, si kwa kopo.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 24, ndiyo maana kopo lililokuwa zuri wakati wa baridi linageuka uji kiangazi. Msimu wa joto punguza nazi, ongeza siagi ya kakao, ambayo huanza kulegea karibu na nyuzi 34. Na jipake ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta haya hayana maji hata kidogo. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyopo kwenye ngozi yasitoroke. Ukijipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka utang'aa tu, na mkwaruzo utabaki pale pale.

Neno maji ndilo mpaka wangu. Mchanganyiko wa mafuta matupu unakaa miezi. Ukitia maji, aloe vera mbichi, parachichi au chai ya majani, umewapikia bakteria na ukungu, hata kama hujaona wala kunusa kitu. Vitamini E ambayo watu huiita kihifadhi haisaidii hapo: inachelewesha kuchacha kwa mafuta, haiui vijidudu. Friji nayo inavichelewesha tu. Kwa hiyo maski ya nywele ya parachichi tengeneza, paka, inayobaki tupa. Na ule ujanja wa kuongeza maji kwenye losheni ya dukani ili ifike mwisho wa mwezi tuuache, maana unachopunguza makali ni kihifadhi kilichowekwa humo ili losheni isioze.

Kuna vitu ambavyo sitengenezi kabisa. Deodoranti ya soda ya kuokea inatajwa kila mahali, lakini ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake ni kama 5, na soda iko juu ya 8. Wengine haiwadhuru, wengine kwapa linawaka na kuvimba. Limao usoni ni baya zaidi, kwa sababu maji yake yakikutana na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa ya miezi. Kinga ya jua ya kupika nyumbani haina namna ya kupimwa kama unga wake wa kuzuia jua umesambaa sawasawa, kwa hiyo hujui imekukinga kiasi gani. Dawa ya meno nataka yenye floridi. Hivi vyote tunavinunua, ila kwa pamoja: ofa za "chukua tatu lipia mbili" zina maana kukiwa na watu watatu, na lebo ya rafuni mara nyingi huonyesha kwa herufi ndogo bei ya kila gramu 100 au lita. Isome hiyo. Pakiti kubwa si lazima iwe rahisi.

Sabuni ya kipande pia sipiki. Kostiki soda, ile kemikali kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, inataka miwani, glovu, dirisha wazi, na ukumbuke kwamba ni kostiki inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu yake. Halafu sabuni inasubiri wiki 4 hadi 6 ikauke. Kwa kitu ambacho tayari ni cha bei ndogo, sioni faida.

Kikundi kikishaaminiana, punguzo zipo kwingine pia. Tiketi za treni za kundi, uanachama wa mazoezi, vifurushi vya simu vya familia. Kwenye simu tu nendeni taratibu: mkataba una jina la mtu mmoja, na wenzake wasipolipa, deni na doa kwenye rekodi ya mkopo ni lake peke yake. Kwa mgeni anayejenga jina, hilo ni gharama kubwa kuliko punguzo lenyewe.

Kisha lazima atatokea wa kusema mafuta haya ni mazuri, tuyauze. Kujipaka na kugawana malighafi ni jambo moja, kuuza ni jingine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009 inataka kila kipodozi kinachouzwa kiwe na ripoti ya usalama iliyoandaliwa na mtaalamu mwenye sifa, na taarifa za bidhaa ziwasilishwe kwa Umoja huo kabla ya kuingia sokoni, hata kama muuzaji anaitengenezea jikoni kwake. Anayetaka kuanza aulize kwanza bei ya ripoti hiyo, ndipo afikirie lebo na makopo.