Tyubu nyingine imekwenda

Jumamosi nimepasua tyubu ya kioo. Ya pili muhula huu, na bwana wa stoo ameshaiandika kwenye daftari lake.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja huku Eastlands, mwaka wa kumi na moja sasa, na zoezi la kuvunja mafuta, yaani kukata molekuli zake ndefu ziwe fupi, bado linaniumbua. Unalowesha pamba ya madini kwa parafini ya maji, ile inayouzwa dukani kwa wenye choo kigumu, unaisukuma hadi kitako cha tyubu. Katikati unapanga vigae vya kauri. Moto unapiga vigae, si pamba. Mvuke ukipita hapo, molekuli ndefu hukatika, gesi ikabubujika kupitia mrija hadi kwenye karai la maji. Sasa, ole wako uzime moto kabla hujatoa mrija majini! Gesi ya ndani hupoa, maji hunyonywa, yanakutana na kioo cha moto. Pa! Nilikuwa nimewaonya watoto mara tatu. Kisha simu yangu ikalia, nikazima moto.

Bahati nzuri gesi tulikuwa tumeshainasa. Tukatia matone ya maji ya bromini, yale ya rangi ya chungwa, tukatikisa. Yakawa meupe kama maji ya mfereji.

“Mwalimu, rangi imeenda wapi?” akauliza binti mmoja.

Nikachukua chaki. Dekani, moja ya molekuli ndefu za mafuta, ina kaboni 10 na haidrojeni 22. Kata oktani, inayoingia kwenye petroli: kaboni 8, haidrojeni 18. Zimebaki kaboni 2 na haidrojeni 4, wakati ethani, gesi ya kaboni mbili iliyotimia, inadai 6. Haidrojeni hazitoshi, na kila kaboni lazima ishike kwa mikono minne. Basi kaboni mbili zile hushikana kwa mikono miwili miwili, ndiyo etheni. Bromini ikija, mshiko mmoja unaachia na kila kaboni inadaka bromini moja. Rangi haikwenda popote, imeshikwa.

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi kwamba kiwanda cha mafuta cha Changamwe, Mombasa, ndiko tulikovunjia mafuta. Uongo mtupu, nao naungama. Kiwanda kile, kilichoanza 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi 2013, hakikuwa na mtambo wa kuvunja. Kilitenganisha na kurekebisha mafuta mepesi, lakini mazito yakabaki mazito.

Jioni nikapitia kwa mama mboga. Alikuwa na maparachichi magumu kama mawe. Juala la plastiki hana, tangu Agosti 2017 zilipopigwa marufuku. Nazo zilikuwa etheni hiyohiyo, maelfu yake yameungana mkufu mmoja. Akayafunga manne kwenye gazeti, akachomeka ndizi mbivu katikati. Ndizi ikiiva hutoa etheni, na etheni huivisha jirani. Yeye hajui jina hilo wala halihitaji.

“Jumanne utakula, Baba Njeri.”

Leo Jumatatu nimeyabonyeza. Moja limelegea kidogo, lile lililogusana na ndizi.